Mbwa na paka mwaka mzima: mwongozo kamili, kuanzia masika mpaka joto la Februari

Mbwa wangu wa kwanza nilimnunua kwenye foleni hapa Dar, wale jamaa wanaopita na vitoto vya mbwa kwenye boksi magari yakisimama, nikaambiwa "bosi huyu kashachanjwa kila kitu", kadi hamna, nikalipa, nikamwita Popi kama nusu ya mbwa wote wa nchi hii. Siku ya tano akaanza kutapika, ya sita anahara damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau, ya nane tukamfukia nyuma ya nyumba. Parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Hela niliyotumia kwenye dripu za siku tatu ingechanja mbwa kadhaa.

Toka hapo nimefuga mbwa wanne na paka sijui wangapi (paka hawahesabiki, wanajileta wenyewe), na nilichokuja kugundua ni kwamba karibu kila mnyama niliyemuona anakufa mtaani kwetu kafa kwa kitu chenye tarehe, yaani chanjo iliyopitwa, dawa ya minyoo iliyosahaulika, kupe walioachwa wakazaliana mvua ilipoanza. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga hivyo, tunaanza na vitu vya tarehe, halafu tunazunguka mwaka mzima wa huku pwani. Wewe wa Arusha au Nairobi baridi yako utairekebisha mwenyewe.

Hatua ya 1: tafuta daktari kabla hujatafuta mbwa

Seriously. Weka namba mbili kwenye simu, ya daktari wa mifugo na ya afisa mifugo wa kata yako, maana parvo haisubiri Jumatatu. Daktari ukimpata muulize swali moja tu, chanjo unazitunzaje? Chanjo inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, ile iliyozunguka kwenye begi juu ya bodaboda toka asubuhi na jua hili letu ni kama unachoma maji. Akija na kibebeo chenye barafu, akachanganya chanjo mbele yako, akabandua stika ya kichupa akaibandika kwenye kadi na kuandika tarehe ya kurudi, huyo ng'ang'ania naye.

Hatua ya 2: chanjo, na kwa nini moja haitoshi

Watu wengi wanachanja mtoto wa mbwa mara moja halafu wanashangaa kafa. Iko hivi, mtoto anazaliwa na kinga kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, kinga hiyo inamlinda ila pia inaiua chanjo unayomchoma, na inaisha siku ambayo huwezi kuijua, mmoja wiki ya 8 mwingine wiki ya 14. Ndo maana inarudiwa rudiwa, ili mojawapo imkute kinga ya mama imeisha. Anza akiwa na wiki 6 mpaka 8 na ile chanjo ya mchanganyiko (inabeba distempa, yaani virusi vinavyoshambulia mapafu, tumbo na ubongo, pamoja na parvo, homa ya ini na lepto, ile homa ya mkojo wa panya), rudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, halafu nyingine mwaka unaofuata na baada ya hapo daktari atakupangia. Kichaa cha mbwa anachomwa akifika miezi 3 na unarudia kila mwaka.

Mpaka amalize zile za mwanzo asitoke getini, asinuse mbwa wa jirani, na wewe ukitoka kwa mtu mwenye mbwa mgonjwa viatu viache nje. Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi na miezi, hata mwaka. Mimi baada ya Popi nilitaka kuleta mwingine wiki ileile, daktari akanikatalia kabisa, akanifundisha kuosha sakafu ya sementi na jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, iachwe dakika 10 ndo uisuuze. Sementi inasafishika. Udongo hausafishiki, ni kusubiri tu, au ulete mbwa mkubwa ambaye kadi yake imejaa.

Distempa nayo usiione ya watoto. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba wa kule, na mbwa wa vijiji vya pembeni ya hifadhi ndo walionyooshewa kidole. Sasa kama inamwangusha simba, fikiria huyo wako.

Paka ana chanjo yake, ile ya tatu kwa moja inayozuia ugonjwa wa kuhara na kutapika unaofanana na parvo pamoja na mafua mawili ya paka, anza wiki ya 8 rudia baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na kichaa akiwa na miezi 3. Ndio, paka anapata kichaa na anakiambukiza vilevile. Watu wanachanja mbwa wanamsahau paka, wakati paka ndo analala kwenye kitanda cha mtoto.

Hapa kwenye kichaa nisimame kidogo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna hospitali itakayokuokoa, ila kabla hazijaanza karibu kila mtu anaokoka, kwa hiyo kinachoamua ni masaa ya mwanzo. Mtu akiumwa na mbwa au paka, hata mkwaruzo mdogo wa jino, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, weka saa maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe, na sindano zote umalize hata kama unajisikia mzima. Hakuna kupaka tumbaku, hakuna jiwe jeusi, hakuna pilipili. Mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama, mfungieni mumwangalie siku 10 huku afisa mifugo ana taarifa, akiwa mzima baada ya hizo siku 10 ina maana hakuwa anaambukiza siku aliyouma. Halafu kumbuka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi karibu na hapo halmashauri zinafanya chanjo za bure au za bei ya chini, sikiliza matangazo ya mtaa.

Hatua ya 3: minyoo

Watoto wa mbwa wanazaliwa na minyoo tayari, wanaipata tumboni kwa mama, kwa hiyo dawa inaanza wakiwa na wiki 2, kila baada ya wiki 2 mpaka wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, baada ya hapo kila miezi mitatu maisha yake yote. Mimi nimeiweka Januari, Aprili, Julai na Oktoba, tarehe moja, ili nisifikirie. Mpime uzito kwanza (panda mzani peke yako, halafu panda umembeba, toa) maana dawa inaenda kwa kilo, na unayompa mbwa wa kilo 30 siyo ya kumgawia paka.

Hii siyo ya mnyama peke yake. Mayai ya minyoo yanatoka kwenye kinyesi yanaingia kwenye mchanga wanakochezea watoto, na viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa vinapenya ngozi ya mguu na kuchora vile vimistari vinavyowasha na kutembea kama ramani. Okota kinyesi kila siku. Kila siku jamani, siyo Jumamosi.

Na usimpe utumbo, mapafu wala maini mabichi ya machinjioni. Kuna tegu la mbwa ambalo kwa binadamu linatengeneza vifuko vikubwa vya maji kwenye ini na mapafu, wafugaji wa Turkana na Umasaini wanalijua vizuri, na mzunguko wake ndo huohuo, mbwa anakula viungo vibichi vya mbuzi au kondoo, anakunya, mtu anashika. Chemsha mpaka viive.

Hatua ya 4: kupe, adui namba moja

Kama ungenipa nafasi ya kuandika kitu kimoja tu ningeandika hiki. Ukanda wetu wa joto kupe wa mbwa yupo mwaka mzima, yule wa kahawia, na kosa ambalo karibu wote tunafanya ni kumwogesha mbwa na kuliacha banda. Kupe huyu anapanda juu ya mbwa kunywa damu, anashuka, anajibadilisha ngozi ukutani au kwenye nyufa, anapanda tena, anashuka, na jike akishiba anashuka mara ya mwisho kutaga mayai elfu kadhaa. Kwa hiyo muda wowote ule kupe wengi wa nyumba yako hawapo juu ya mbwa, wapo kwenye mbao za banda, kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya frem ya mlango, chini ya gunia analolalia. Wanaweza kukaa miezi bila kula wakimsubiri.

Ninavyofanya mimi: siku moja, asubuhi, natoa kila kitu bandani, gunia nachoma, nafagia, nanyunyizia dawa ya kupe kwenye nyufa zote na ukuta mpaka usawa wa kiuno na zaidi kidogo maana wanapanda juu, naziba nyufa kwa sementi nikiweza, na siku hiyohiyo namwogesha mbwa. Narudia baada ya siku 7 mpaka 10, halafu tena, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi na dawa na wale watakaototolewa nawataka. Ukifanya mara moja ukaacha umepoteza hela yako.

Dawa ya kuogeshea nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya mifugo ni amitrazi, soma kipimo cha mbwa kwenye kibandiko, usipime kwa kizibo wala kwa macho, vaa glavu, usimwogeshe mtoto chini ya miezi minne wala mwenye vidonda, mwache akauke kivulini bila kujilamba. Zipo pia za kudondoshea shingoni na siku hizi vidonge vya kutafuna vinavyokaa mwezi mmoja mpaka mitatu kulingana na aina, ni ghali lakini ukipiga hesabu ya dripu utaona.

SASA MWENYE PAKA ASOME HAPA. Dawa ya kupe na viroboto ya mbwa usimpake paka. Amitrazi hapana, permethrini hapana kabisa, paka hana uwezo wa kuivunja mwilini, anaanza kutetemeka, degedege, anakufa, na kuna paka wanaumia kwa kulala tu na mbwa aliyepakwa muda huohuo. Dawa ya paka lazima iwe imeandikwa ya paka. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari navyo viacheni, najua kijijini oili chafu ndo dawa ya upele wa mbwa toka enzi, ila inaunguza ngozi na akijilamba anaimeza. Na ile sindano ya ng'ombe ya ivamektini ambayo mtu wa duka anakwambia "mchome kidogo tu", ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa, kosa dogo la kipimo kwa mbwa ni kosa kubwa, na mbwa wa asili ya koli (wale wa Ulaya wa kuchunga kondoo) wengine haiwafai hata kidogo kwa kipimo hicho. Mwachie daktari.

Kupe mmoja mmoja unamtoa kwa kibano, mshike karibu na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usimminye na vidole maana damu yake ina vijidudu. Vijidudu hivyo ndo vinaleta homa ya kupe, erlikia na babesia. Ukiona mbwa kalegea, hali, ana homa, fizi zimepauka kama karatasi, damu zinatoka puani au mkojo una rangi ya chai ya rangi, usisubiri kesho. Ikiwahiwa inatibika, erlikia kwa kawaida ni vidonge vya doksisaiklini wiki 3 mpaka 4, na hapo ndo watu wanaharibu, mbwa akianza kula siku ya tano wanaacha dawa, baada ya miezi kama mitatu anarudi hoi kuliko mwanzo.

Hatua ya 5: zunguka na mwaka

Masika, Machi mpaka Mei. Maji yanasimama, panya wanatoka kwenye mashimo wanaingia ndani, na mkojo wa panya ndo unabeba lepto. Mnakumbuka Julai 2022 kule Lindi, ugonjwa uliotikisa Ruangwa mpaka serikali ikatangaza ni homa ya mgunda? Ndo hiyohiyo. Mbwa anaipata kwa kunywa madimbwi na anaweza kuipitisha kwa mkojo wake, kwa hiyo hakikisha chanjo ya mchanganyiko haijapita tarehe kabla ya Machi, bakuli la maji limwagwe na kuoshwa kila siku, chakula cha mbwa kisilale nje kikaalika panya, na banda liinuliwe kwa matofali mawili asilale kwenye maji. Mbu nao wanajaa, na mbu anambebea mbwa minyoo ya moyo, muulize daktari wako kuhusu kinga ya kila mwezi. Msimu huu pia kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mchanga wenye mkojo, mbwa anapata vijipu vyenye katundu juu na funza ndani. Paka Vaseline nzito juu ya katundu, funza akikosa hewa anajitokeza, mtoe mzima bila kumpasua, osha kwa maji ya chumvi. Matandiko yake yaanike juani mpaka yakauke kabisa.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni likizo ya mfugaji. Kusi inavuma, joto limepungua, fanya kazi kubwa sasa: operesheni ya kufunga kizazi, kukarabati banda, kuziba nyufa.

Vuli ni masika ndogo, rudia yaleyale, na kupe watakukumbusha wenyewe.

Kiangazi, Desemba mpaka Machi mwanzoni, ndo balaa. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema na kidogo sana kwenye nyayo, sasa hewa yenyewe ikiwa ya moto na unyevu wa pwani kuhema hakusaidii sana. Wenye pua bapa wanaumia zaidi, na ninyi mnaofuga haski, mbwa wa nchi za theluji, hapa Dar es Salaam mimi sina la kusema ila muwe na feni. Mtembeze kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, weka kiganja chako kwenye lami, ukishindwa kukiacha kwa sekunde tano na yeye hawezi kuikanyaga. Banda la bati tupu juu ni oveni, weka makuti. Usimwache kwenye gari hata dakika kumi, kioo kikiwa wazi kidogo hakisaidii. Na mnyororo mfupi uliofungwa mahali ambapo kivuli kinahama saa sita, huo nimeuona unaua.

Akianza kuhema vibaya, mate yanamtiririka, ulimi mwekundu sana, anayumba: kivulini, mwagia maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni, mpepee, mpeleke kwa daktari. Maji ya barafu usimmwagie mwili mzima na usimlazimishe kunywa. Joto la kawaida la mbwa na paka ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, likifika 41 ni dharura, kwa hiyo kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa, Vaseline kidogo, nyuma, dakika moja. Kiandike "MBWA" kwa maka pen tafadhali.

Mkesha wa mwaka mpya kuna fataki. Mbwa anaruka ukuta ambao hajawahi kuuruka, paka anapotelea darini au anaingia kwenye injini ya gari. Jioni mapema waingize chumba cha ndani, pazia chini, redio juu, na mkanda wa shingo uwe na namba yako ya simu.

Hatua ya 6: msosi

Ugali na dagaa ni msosi halali wa mbwa, asikutishe mtu na mifuko ya supamaketi, ila ugali peke yake na mchuzi juu siyo. Ninavyopika: unga sehemu moja, nyama ya vichwa, moyo, mabaki ya samaki aliyetolewa miiba au dagaa walioloweshwa chumvi itoke sehemu moja, karoti au mchicha au boga kidogo, bila kitunguu, bila chumvi. Mara mbili kwa siku kwa mkubwa, mara nne kwa mtoto.

Unga wenyewe sasa. Kuna tabia ya kusema "huu umeota ukungu, huu wa mbwa". Ukungu wa mahindi unatoa sumukuvu, ile ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui, na mbwa ini lake haliivumilii kabisa. Pumba na unga ulioharibika mwaga, usimpe hata kuku.

Paka ni habari nyingine, paka anakula nyama, basi. Anahitaji kitu kinaitwa taurini ambacho kipo kwenye nyama na samaki, akilelewa kwa ugali na maziwa moyo unatanuka na macho yanakufa taratibu bila wewe kujua. Dagaa, moyo wa kuku, ini kidogo mara moja moja kwa wiki, samaki apikwe maana samaki mbichi kila siku anamaliza vitamini B1 mwilini. Maziwa ya ng'ombe wengi wanahara. Na asikudanganye mtu kwamba paka akishiba hakamati panya, anakamata, tena vizuri, mwenye njaa hana nguvu ya kuvizia.

Vya kukataa kabisa: kitunguu maji na kitunguu saumu (kwa hiyo pilau na rosti la Idi hapana, hata akikutolea macho), chokoleti, zabibu, pombe, bablishi zisizo na sukari, karanga za makadamia kwa ninyi wa Kenya, na mifupa ya kuku iliyopikwa inayovunjika kama sindano.

Bakuli na sufuria zao ziwe zao peke yao. Mzee mmoja jirani yangu, Muislamu wa swala tano, anafuga mbwa wa ulinzi na kaweka bomba lake uani, vyombo vyake, kamba yake, anasema ni kwa ajili ya udhu wake ila nikimwangalia naona ndo mfugaji msafi kuliko sisi wote mtaani.

Hatua ya 7: sumu, na kabati lako la dawa

Panadol inaua paka. Kidonge kimoja kinatosha. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Yaani hakuna dawa ya maumivu ya kwako ambayo unampa bila kuuliza.

Sumu ya panya zile za vipande vya bluu au kijani zinazuia damu kuganda, na mnyama haonyeshi kitu siku mbili mpaka tano, halafu anavuja damu ndani. Ukimuona amekula leo, nenda leo, dawa yake ipo, ni vitamini K, usisubiri dalili. Weka pakiti ya sumu mkononi uende nayo. Mimi nyumbani nimeamua mitego na paka, sumu hapana.

Halafu kuna ile ya wezi, nyama iliyowekwa dawa ya kilimo inarushwa juu ya ukuta. Mbwa anatoa mate mengi, anatetemeka, anahara, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini, na inaenda haraka sana, ni dakika. Maziwa hayasaidii, mayai mabichi hayasaidii, mafuta ya kula yanaweza kuingia kwenye mapafu. Piga simu huku uko njiani. Mazoezi ya kumkinga ni kumfundisha toka mdogo kula kwenye bakuli lake tu na kukagua uani kila asubuhi.

Swila akimtemea machoni, mwoshe macho kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi halafu daktari. Akigongwa na nyoka mbebe, asitembee, usikate jeraha, usifunge kamba.

Hatua ya 8: kizazi

Jike la paka linaweza kubeba mimba likiwa na miezi minne au mitano, yaani bado unaliona katoto, na mimba ni kama siku 63 mpaka 65. Fanya hesabu. Mbwa jike anakuwa kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka na madume ya mtaa mzima yanahamia getini kwako kupigana. Kumfunga jike kizazi kunamwepusha pia na usaha wa mfuko wa uzazi ambao unaua majike ya makamo, na kumhasi dume kunapunguza kuzurura, na anayezurura ndo anagongwa na bodaboda. Kama hospitali za kawaida bei inakushinda, ulizia hospitali za mafunzo ya vyuo, kwa mfano Sokoine pale Morogoro.

Mama mjamzito kwenye nyumba yenye paka hana haja ya kumfukuza paka. Mwingine asafishe choo cha paka kila siku, maana vijidudu vya toksoplazma, vile vya kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, vinahitaji angalau siku moja kwenye kinyesi kabla havijaweza kuambukiza, mama avae glavu akilima bustani na nyama iive.

Hatua ya 9: dakika tano za Jumapili

Kila Jumapili jioni napitisha mikono, nikianzia puani. Fizi ziwe za pinki, bonyeza kwa kidole, weupe urudi kuwa pinki ndani ya sekunde mbili. Masikio, nusa ndani, harufu ya chachu ni ugonjwa. Kati ya vidole vya miguu, hapo ndo kupe na funza wanajificha. Chini ya mkia, ukiona kama punje za mchele ni tegu. Vuta ngozi ya mgongoni, ikichelewa kurudi kakosa maji. Uzito naandika kwenye daftari, na daftari hilo limeokoa paka wangu mmoja, alikuwa anakula kawaida kabisa ila kilo zinashuka mwezi hadi mwezi, kwa macho nisingeona.

Vya kukimbilia daktari usiku huohuo: kapauka, anahema akiwa amelala, tumbo limejaa ghafla kama ngoma huku anajaribu kutapika hatoi kitu, dume la paka linaingia chooni mara kwa mara na mkojo hautoki, mtoto anatapika na kuhara damu. Paka asiyekula siku mbili naye usimwite mdekaji, ini lake linaweza kuharibika kwa njaa peke yake.

Ukisafiri Desemba

Wengi tunaenda mikoani Krismasi tunamwachia mlinzi au dada wa kazi, na mwezi huo ndo joto. Andika karatasi moja ubandike jikoni: kiasi cha chakula kwa kikombe (siyo "kidogo kidogo"), maji mara mbili kwa siku, kivuli kiko wapi saa saba, namba ya daktari, na hela ya bodaboda au bajaji ya dharura iache kwenye bahasha. Mwambie kwa mdomo pia kwamba akiona mbwa hali siku moja akupigie, hata kama ni usiku, hata kama ni mkesha, kwa sababu mwaka juzi kijana wangu alisubiri siku tatu "asinisumbue bosi likizo", na nikarudi nikamkuta Bobi hawezi hata kusimama. Tulimtibu, akapona, ila sikio la kushoto bado linaning'inia na kila akiniona nafunga begi anaenda kulala juu yake.